Risala wasome wao, na hesabu washike wao

Januari 1998, katika mji mdogo wa Kemptville, Ontario nchini Canada, mwalimu wa darasa la kwanza aliwaambia wanafunzi wake kwamba Afrika kuna watoto wanaotembea mwendo mrefu kufuata maji, na kwamba dola 70 zingetosha kuwapatia kisima. Mtoto mmoja wa miaka 6, Ryan Hreljac, alirudi nyumbani akaomba hizo fedha. Wazazi wakamwambia azifanyie kazi. Akasafisha mazulia na madirisha, na ikamchukua miezi minne kufikisha dola 70. Alipozipeleka akaambiwa kisima chenyewe hasa ni kama dola 2,000. Hakukata tamaa. Akaendelea na kazi, akaanza kusimama mbele ya watu wazima kueleza anachokitafuta, na Januari 1999 kisima kikachimbwa katika Shule ya Msingi Angolo, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2001 ikaanzishwa taasisi yenye jina lake, Ryan's Well Foundation, na baadaye yeye mwenyewe akawa mkurugenzi mtendaji wake.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya mtoto mwenye moyo mwema. Mimi nakisoma kwa jicho jingine. Watoto wa Angolo walipata maji, na hilo si jambo dogo. Lakini Ryan alipata kitu ambacho Angolo hawakupata: alijua kuomba, alijua kunyimwa, alijua tofauti ya bei anayoambiwa mtu na gharama halisi ya kazi, na kabla ya kufika umri wa sekondari alikwishazoea kutoa maelezo ya fedha za watu. Anayechangisha hubaki na ujuzi. Anayechangiwa hubaki na kisima.

Sasa twende Igowole. Ukiiacha barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Nyololo, wilayani Mufindi, unaelekea Igowole, na mbele yake Kibao hadi Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Ni nchi ya ukungu na baridi. Huku misindano na milingoti, kule mashamba ya chai, katikati viazi, njegere na mahindi ya wakulima wadogo. Si mahali pa watu wavivu wala si mahali pasipo na mali. Shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, liko wilaya hii hii. Hata hivyo, ni eneo ambalo watoto wake wamechangiwa sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007-08 ulionyesha kwamba asilimia 15.7 ya watu wazima katika Mkoa wa Iringa, wakati huo ukiwa bado na Njombe ndani yake, walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Yatima walikuwa wengi, bibi walirudi kulea, na misaada ikaja kutoka kila upande. Upande wa kanisa, Dayosisi ya Iringa ya KKKT imekuwa na uhusiano na Walutheri wa Minnesota, Marekani, tangu 1987 kwa jina la Bega kwa Bega, na sehemu ya kazi yake ni kuwasomesha watoto wa sekondari.

Sina ugomvi na misaada hiyo. Imesomesha watu. Ninachosema ni kwamba kijana wa Ulaya au Marekani anayeuza keki shuleni kwao kwa ajili ya shule ya Afrika, siku akiomba nafasi chuo kikuu, ataandika kwenye barua yake kwamba aliongoza uchangishaji, alisimamia wenzake, na alifikisha kiasi fulani. Kijana wa Igowole aliyekalia dawati lililonunuliwa kwa keki hizo hana cha kuandika. Fedha zilezile zimemkuza mmoja na kumkalisha mwingine.

Mtu atanijibu: lakini sisi nasi tunachangisha! Kila mwaka, Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa Novemba, kila sekondari ya kata ina mahafali ya kidato cha nne, na mahafali bila harambee hayajakamilika. Ni kweli, na hapo ndipo penye shida yenyewe.

Tazama yanavyokwenda. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimekodishwa, spika zinapiga tangu saa tatu asubuhi na mgeni rasmi anafika saa saba. Kwaya inaimba, skauti wanapiga gwaride, kisha mwanafunzi mmoja mwenye sauti nzuri anaitwa kusoma risala ya wahitimu. Anaanza na historia ya shule, idadi ya wanafunzi wavulana kwa wasichana, ufaulu wa miaka mitatu, halafu inakuja ile sentensi ambayo kila aliyewahi kukaa chini ya turubai anaijua: pamoja na mafanikio hayo, ndugu mgeni rasmi, shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo. Bweni la wasichana. Vifaa vya maabara. Uzio. Mashine ya kudurufu mitihani. Mwanafunzi anasoma vizuri, hakosei hata koma, kwa sababu risala imeandikwa na mwalimu na yeye amekaririshwa wiki nzima. Anainama, anamkabidhi mgeni rasmi karatasi kwa mikono miwili, anarudi kukaa.

Kuanzia hapo mambo ni ya wakubwa. MC anachukua kipaza sauti. Mgeni rasmi anatoa mifuko ya saruji na kuwataja marafiki zake ambao hawakuweza kufika. Diwani anaahidi mabati. Mfanyabiashara wa mbao anaahidi mbao, na watu wanampigia vigelegele kuliko waliotoa taslimu. Jumla inatangazwa: taslimu kiasi hiki, ahadi kiasi hiki, na ahadi ni mara tatu ya taslimu. Keki inakatwa. Wahitimu wanarudi bwenini kujisomea, Novemba wanafanya mtihani, Desemba wapo makwao. Je, zile ahadi zililipwa? Saruji ilifika mifuko mingapi? Bweni liliinuka? Aliyesoma risala hajui, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba anastahili kujua. Alichojifunza siku ile ni kwamba tatizo la shule linaelezwa kwa unyenyekevu kwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa akipenda atalimaliza. Ni somo baya, na tunalifundisha kwa gharama ya turubai na spika.

Ajabu ni kwamba watu wa nyanda hizi si wageni wa kuchangishana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno kiasi kwamba mtoto mwenye akili nzuri alibaki nyumbani akichunga ng'ombe. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, mtu wa Njombe, ilitoa ripoti yake mwaka 1982, na serikali ilipolegeza masharti kuhusu shule zisizo za serikali, wilaya za huku zilikuwa tayari. Njombe walikuwa na mfuko wao wa maendeleo wa wilaya, NDDT, uliokusanya michango ya wakulima na kuigeuza kuwa sekondari. Mufindi walikwenda mbele zaidi: mwaka 1998 ilianza benki ya wananchi wenyewe pale Mafinga, MUCOBA, kwa hisa za wakazi. Na mpaka leo, ukisikia boma la darasa limeinuliwa kwa nguvu za wananchi hadi usawa wa lenta likisubiri halmashauri ilipaue, ujue kuna mama aliyebeba mawe na mzee aliyetoa kuku. Ujuzi upo kijijini. Haujavuka geti la shule tu.

Hata pale ulipotakiwa kuvuka ulizuiwa mlangoni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaukumbuka kwa jembe: shamba la shule, bustani, mabanda ya kuku. Lakini mle ndani aliandika pia kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba hilo na jinsi ya kutumia ziada yake. Jembe tulilipokea, kuamua tukakuacha. Waliosoma miaka ile watakusimulia mahindi waliyolima, magunia waliyopakia, na lori lililoondoka nayo. Bei waliyouzia hawaijui mpaka leo.

Nieleze basi ninachotaka kukiona. Chukulia kidato cha tatu katika sekondari yoyote ya Mufindi Kusini. Wamegundua kwamba wenzao 20 wa kidato cha kwanza wanapita Juni na Julai bila sweta, na Juni ya Igowole si ya mchezo. Sweta tuseme ni shilingi 15,000, jumla 300,000. Wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, mwalimu mlezi anakaa pembeni. Jumamosi ya kwanza wanakaanga mandazi na kuyauza sokoni. Jioni wanahesabu 64,000 na kushangilia. Mwalimu anauliza swali moja tu: unga, sukari, mafuta na kuni viligharimu kiasi gani? 41,000. Kumbe kilichopatikana ni 23,000. Hapo ndipo somo la biashara lililoandikwa ubaoni muhula mzima linapoeleweka kwa dakika tano, na kimya kinachofuata ni cha watu wanaofikiri.

Jumamosi ya pili daftari linaonyesha pungufu ya 3,000. Nani alikuwa na chenji? Hili ni gumu kuliko hesabu zote za mtihani, kwa sababu linawahusu marafiki. Wakubwa tumevunja vikoba kwa pungufu kama hiyo. Vijana wa miaka 16 wakilimaliza kwa kukaa, kuuliza, kukuta kwamba chenji ilirudishwa mara mbili kwa mteja mmoja, na kukubaliana kwamba kuanzia sasa fedha zinashikwa na wawili, watakuwa wamejitungia kanuni ya udhibiti bila kusubiri mkaguzi.

Halafu kuna kuomba kwenyewe. Mwanafunzi anakwenda kwa mama anayeuza viazi. "Kamwene, mama." Anaitikiwa, anaeleza shida iliyomleta. Mama anamwambia: "Mwanangu, hela sina, ila chukua debe hili." Msichana aliyezoea kufikiri kwamba mchango ni noti atalazimika kujua debe la viazi leo ni shilingi ngapi, dalali atalinunua kwa ngapi, na kwa nini gunia la lumbesa linamuumiza mama huyu kila msimu. Atajua pia kalenda ya fedha ya mahali pake: Februari mkulima hana kitu, anapalilia na kusubiri, wa kwenye chai anapokea mwisho wa mwezi, baada ya mavuno watu wanafunguka. Hakuna kitabu cha sekondari chenye kalenda hiyo. Na atajua kunyimwa. Kuna mzee atakayemkaribisha chai, atamsifu, atamuahidi, na hatatoa. Ni vizuri mtu ajue mapema kwamba ahadi si mapato.

Kuna jambo moja katika shughuli hii ambalo likikosewa ni afadhali isingefanyika. Wale 20 wenye uhitaji wasisimamishwe mstarini. Tumeona mara nyingi mno misaada ikitolewa huku mtoto yatima akipigwa picha ameshika daftari na sabuni, kichwa chini, na picha ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka kwa wajomba zake. Kijana anayechangisha afundishwe kwamba jina la anayesaidiwa halihitajiki ili fedha zitoke. Sweta zigawiwe na matroni, chumbani, bila kamera. Akilielewa hilo akiwa na miaka 16, siku akiwa daktari, diwani au ofisa ustawi wa jamii atawahudumia watu kwa namna nyingine kabisa.

Najua walimu wakuu watakaosoma hapa wanatikisa kichwa. Wana sababu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, michango ya lazima ilifutwa kwa waraka, na Januari 2018 Rais John Magufuli alikemea hadharani shule zilizoendelea kuwarudisha watoto nyumbani kwa ajili ya michango, akaagiza anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, si kwa mwalimu. Tangu hapo mwalimu mkuu mwenye busara akisikia neno mchango anaruka. Lakini tusichanganye mambo. Kilichokatazwa ni kumtoza mzazi na kumfukuza mtoto. Klabu ya wanafunzi inayouza mandazi yake Jumamosi haimtozi mtu. Taratibu zipo: bodi ya shule ijulishwe, ofisa elimu kata ajue, fedha ziingie benki kwenye akaunti ya shule na stakabadhi itolewe, nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Watoto wasitolewe darasani wala kutumwa barabarani na kopo, na wasichana wasizungushwe jioni. Hayo yote yanawezekana, na kuyafuata ni sehemu ya mafunzo yenyewe.

Wala si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana nyumbani kwa mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, Dar es Salaam, kuzungumzia matatizo waliyoyaona kwenye maeneo yao na wanachoweza kufanya wao. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi vya vijana katika nchi nyingi duniani. Vikundi vya wanafunzi Wakristo, TYCS na UKWATA, vinajua kupeleka sabuni hospitalini na kuzindua albamu ya kwaya. Klabu za Fema zimefuga kuku na sungura. Kinachokosekana mara nyingi ni daftari la mapato na matumizi lililo mikononi mwa mwanafunzi, na siku ya kulisoma mbele ya wenzake.

Faida yake baadaye? Nisitie chumvi. Kuuza mandazi hakumpandishi mtu kutoka daraja la nne kwenda la kwanza, na anayekosa hesabu darasani atazikosa kwenye mtihani. Lakini tazama kinachomsubiri kijana wa Igowole baada ya kidato cha nne. Wengi hawaendi chuo kikuu. Watarudi kwenye mashamba ya miti, kwenye parachichi, kwenye bodaboda, kwenye biashara ya mbao. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kuipata kunahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mwaka baada ya mwaka kueleza mabilioni ya shilingi ambayo vikundi vilikopa na havikurejesha. Tunawalaumu vijana kwamba si waaminifu. Baadhi yao kweli si waaminifu. Wengine hawakuwahi hata siku moja, katika miaka 11 ya kukaa shuleni, kushika fedha ya watu wengi na kuitolea hesabu. Tuliwapa ya kwanza wakiwa na miaka 22, nayo ikawa mamilioni.

Aliyewahi kuhesabu 23,000 ya mandazi na kutafuta 3,000 iliyopotea atakaa kwenye kikundi hicho tofauti. Atauliza swali la gharama kabla ya kushangilia mauzo. Ataandika andiko la mradi kwa sababu alishaandika barua kwa bodi ya shule. Na akitoka nje ya Mufindi, akaomba nafasi ya kazi au ufadhili wa masomo, atakuwa na jambo la kweli la kusema akiulizwa amewahi kuongoza nini. Huyu ndiye mtu ambaye kamati za harusi zinamtafuta awe mweka hazina, na Mtanzania yeyote anajua kwamba kamati ya harusi haimpi kazi hiyo mtu wa kubahatisha.

Mtaala ulioboreshwa umeingiza elimu ya biashara kwa wanafunzi wa sekondari, na hilo ni jema. Walimu watahitaji vitendo vya kuambatanisha na somo hilo. Hiki hapa kimoja, na mtaji wake ni unga na mafuta ya kupikia.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na bodi za shule za Mufindi ni dogo. Mahafali yajayo, mara tu baada ya risala, mpeni dada mkuu au kaka mkuu dakika kumi asome taarifa ya harambee ya mwaka uliopita: nani aliahidi nini, nani ametoa, fedha zimefanya nini, na nini kimebaki. Aiandae yeye na wenzake, kwa kuzungukia stoo na kukagua stakabadhi wenyewe. Kama taarifa hiyo haiwezi kusomwa mbele ya mgeni rasmi, harambee ya mwaka huo isifanyike.